Hawakudanganywa kwa Shanga

Aliyesoma historia katika shule zetu anaikumbuka orodha ile ya ubaoni: upande huu pembe za ndovu, dhahabu na watumwa; upande ule shanga, vioo na nguo. Darasa zima lilicheka. Watu wazima na akili zao watoe pembe ya tembo, wapewe vidonge vya kioo? Kicheko hicho kilitoka darasani kikaendelea mitaani. Nimekisikia kwa waongoza watalii, nimekisikia kwenye hotuba za siasa, na nimekisikia hata kwa wakusanyaji wanaozipenda shanga za kale kuliko kitu kingine chochote. Wajinga ndio waliwao, husemwa, na mjadala unafungwa.

Mimi naufungua. Shanga zilizoingia Afrika kutoka India, Venice na Bohemia ndizo bidhaa ya biashara ile iliyobaki nzima kuliko zote. Nguo zilioza, baruti ikalipuka, waya ukafuliwa upya na upya mpaka ukapotea. Ushanga wa kioo hauozi wala hauliwi na kutu. Upo makaburini, upo kwenye vifusi vya miji ya kale ya pwani, upo shingoni na viunoni mwa watu walio hai, na ukiusoma vizuri unasema kinyume cha tuliyofundishwa. Nitayajibu madai yanayosikika zaidi. Baadhi yanastahili jibu refu. Mengine maneno machache yanayatosha.

“Walitoa mali, wakapewa takataka”

Mwezi Januari 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliteremka Unguja akiwa na agizo la gazeti la New York Herald la kumtafuta mmishonari David Livingstone. Katika maandalizi yote ya safari ile, jambo mojawapo lililomtaabisha, kwa maelezo yake mwenyewe, ni shanga. Aliandika kwamba wanawake wa bara walikuwa wateuzi wa shanga kama wanawake wa New York walivyo wateuzi wa vito.

Wafanyabiashara wa Unguja walimpa somo. Unyamwezi wanataka nyekundu, samesame, nyingine hawazipokei. Ugogo zinapita nyeusi, ziitwazo bubu, lakini ukishavuka mpaka wa Ugogo umebeba mzigo wa bure. Sungomaji, zile kubwa za mfano wa yai, zina bei Ujiji na Uguha, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwingine zinakataliwa. Nyeupe, merikani, ni nzuri Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara na Ugogo, ila Uzigua na Ukonongo wanazidharau. Stanley aliondoka na magunia 22 ya shanga, na kila gunia lilinunuliwa kwa kuhesabu litakubaliwa na nani, wapi.

Msafiri Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya 1857 na 1859, aliandika kuwa aina za shanga zilifika kama 400, na akaonya kwamba uzembe wa kuchagua shanga ungeweza kuukwamisha msafara ukiwa karibu kabisa kufika ulikokusudia. Samesame, anasema, zilikuwa na majina ya utani: moja lilitokana na kwamba mtu alikuwa radhi kuuacha mlo wake ili azipate, na jingine lilizishtaki kwa kuvunja miji, jinsi wanawake walivyozipenda. Miaka michache baada ya Stanley, mwaka 1883, msafiri mwingine, Joseph Thomson, alikwama Taveta kabla ya kuingia Umaasaini. Shanga alikuwa nazo tele, lakini zilitungwa kwa urefu usiotakiwa. Wamaasai wasingezitazama. Ikabidi watu wa msafara wakae chini, wazifumue nyuzi, wazitunge upya kwa kipimo walichokitaka wanunuzi.

Mtu anayedanganywa huchukua anachopewa. Hawa walichagua rangi, wakachagua ukubwa, wakachagua na urefu wa uzi, na bidhaa isiyowaridhisha ikarudi au ikatupwa. Hasara ilimwangukia muuzaji. Huko Ulaya viwanda vilijua hivyo vizuri. Mafundi wa Bohemia waliiga kwa kioo vidani vya akiki ambavyo Watuareg wa Sahara walikuwa wakivithamini, na mafundi wa mawe wa Idar-Oberstein, Ujerumani, walichonga nakala za akiki za Khambhat, India, kwa ajili ya soko la Afrika. Mawakala wa Amsterdam na London waliweka kadi za sampuli zilizoshonewa shanga safu kwa safu, ili ijulikane mteja gani anataka ipi. Kadi hizo zipo mpaka leo kwenye makumbusho za Ulaya. Anayeamrisha katika biashara ya namna hiyo ni mnunuzi.

Neno “takataka” nalo halina haki. Chukua ushanga mmoja wa samesame, wa zile za karne ya 19, uweke kiganjani penye mwanga. Ni mdogo kuliko punje ya mtama ulionona. Nje ni mwekundu wa damu, lakini wekundu wenyewe ni utando mwembamba unaopitisha mwanga; ukiugeuza na kuchungulia tunduni, unaona moyo mweupe usiopitisha mwanga. Weupe huo ndio unaourudisha mwanga na kuufanya wekundu uwake. Na kulikuwa na sababu ya kuutandaza wekundu kwa uchache hivyo: kioo chekundu bora cha zamani kilipata rangi yake kwa dhahabu iliyochanganywa kidogo ndani yake, na dhahabu haikuwa rahisi. Tabaka moja juu ya jingine, kwenye kitu kinachopotea katikati ya vidole viwili.

Kazi hiyo ilianzia kwenye tanuri. Serikali ya Venice ilihamishia tanuri za kioo kisiwani Murano mwaka 1291, kwa hofu ya moto. Fundi alichota bonge la kioo cha moto, akaliacha na uwazi katikati, akalichovya kwenye rangi nyingine. Kisha watu wawili walilishika huku na huku kwa fito za chuma wakakimbia kila mmoja upande wake, na bonge likavutika likawa mrija mrefu wa makumi ya mita, mwembamba, wenye tundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mrija ukakatwa vipande. Vipande vikajazwa unga wa chokaa na mkaa ili tundu zisizibe, vikarudishwa kwenye moto na kuzungushwa mpaka kingo zikalainika. Halafu shanga zikaingia mikononi mwa wanawake maskini wa Venice, walioitwa impiraresse. Waliketi vibarazani na trei ya mbao mapajani, wakashika sindano ndefu nyingi kwa mkono mmoja zikiwa zimetandazwa kama kipepeo, wakazichovya kwenye lundo la shanga, na kila mchovyo ukapandisha shanga sindanoni. Mwaka 1904 wanawake hao waligoma kwa sababu ya ujira mdogo. Kama kuna aliyepunjwa katika mlolongo huu, basi tuwakumbuke na wao.

Orodha ya ubaoni ina kosa jingine kubwa zaidi: inaweka pembe na ushanga kwenye mizani moja, kana kwamba ndivyo biashara ilivyokwenda. Sivyo. Stanley aliambiwa wazi huko Unguja kwamba shanga zinasimama mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya, hasa ng'ambo ya Tanganyika, mahali pa dhahabu. Pembe kubwa ilidaiwa kwa majora ya nguo za merikani na kaniki, kwa waya, kwa bunduki na baruti. Shanga zilinunua unga, kuku, viazi, kuni, maziwa, zilikuwa chenji. Zilikuwa na vipimo vyake: kete, uzi unaozungushwa kutoka kidole gumba hadi kwenye kiwiko, na fundo, ambalo ni kete 10. Msafiri Verney Lovett Cameron alilikuta soko la Ujiji mwaka 1874 likiendeshwa kwa sofi, shanga za mfano wa vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Asubuhi walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine. Soko likifungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, na kila upande walijipatia faida. Huo ni ubadilishaji wa fedha, wa watu wanaojua hesabu, na Ujiji haikufundishwa na mkoloni.

Kusema hawakudanganywa si kusema biashara ile ilikuwa ya haki. Pembe iliyotoka Manyema ilikwenda kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Connecticut na London, na faida kubwa ilibaki huko. Wapagazi walikufa njiani. Walionunuliwa na kuuzwa hawakuulizwa chochote. Lakini dhuluma ni jambo moja na ujinga ni jambo jingine, na tukiyachanganya tunawaongezea waliodhulumiwa tusi wasilostahili.

Hadithi hii ya ujinga si ya Afrika pekee. Wamarekani nao husimuliana kwamba kisiwa cha Manhattan kilinunuliwa kwa shanga za dola 24. Ushahidi wa ununuzi ule ni barua ya Mholanzi Pieter Schagen ya tarehe 5 Novemba 1626, inayotaja thamani ya gilda 60. Shanga hazimo. Waliozitia ni waandishi wa karne ya 19, kwa sababu tayari walikuwa wameshaamua wenyeji ni watu wa namna gani.

“Shanga zililetwa na Wazungu”

Dai hili lina makosa mawili. Kwanza, kujipamba kwa shanga hakukuletwa na mtu yeyote. Katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, wachimbaji wamepata shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa kama miaka 40,000, na katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, ushanga wa kale kabisa una zaidi ya miaka 60,000. Wakati huo hakukuwa na mfanyabiashara wa Ulaya wa kumletea mtu chochote.

Pili, hata shanga za kioo zilitangulia kufahamiana kwetu na Ulaya ya magharibi kwa karne nyingi. Ule mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi ulioandikwa kwa Kigiriki huko Misri katika karne ya 1, Periplus, unaitaja bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu na bidhaa zilizopelekwa huko: mikuki iliyotengenezwa Muza ya Yemen, mashoka, visu, na vito vya kioo vya aina nyingi. Huko Unguja Ukuu, mji ulioanza kwenye karne ya 7, ardhi imetoa shanga ndogo za kioo zilizovutwa kwa ufundi wa India: nyekundu ya matofali, manjano, kijani, buluu, nyeusi. Wataalamu huziita shanga za Indo-Pasifiki. Zimeonekana katika mji wa kale uitwao Shanga, kisiwani Pate, na pia Kilwa, Chibuene huko Msumbiji, na bara kabisa hadi Zimbabwe Kuu. Ufundi wenyewe ulistawi Arikamedu, karibu na Puducherry, na ungalipo: katika kijiji cha Papanaidupet, Andhra Pradesh, mafundi wanavuta mirija ya kioo kwa namna hiyo hadi leo.

Kilichowakuta Wareno ndicho ninachokipenda kuliko yote. Mwaka 1505 walijenga ngome Sofala ili waikamate biashara ya dhahabu. Walikuja na shanga zao za Ulaya, wakiamini, kama wanavyoamini wengi leo, kwamba kioo chochote kitamfurahisha Mwafrika yeyote. Wateja wa bara wakazikataa. Walitaka zile ndogo za Cambay, yaani Khambhat ya Gujarat, walizokuwa wamezizoea tangu enzi za babu za babu zao, zikija kwa majahazi kupitia Malindi na Kilwa. Wareno, na mizinga yao yote, ikabidi wazitafute shanga za India ndipo wapate dhahabu.

“Waafrika walinunua tu, hawakutengeneza”

Pemba, katika mji wa kale wa Tumbe wa karne ya 7 hadi ya 10, wachimbaji wameokota vigae vingi vya vyungu vilivyochimbika mifereji midogo. Hivyo vilikuwa vinoo. Mtu alivunja kombe la baharini vipande, akavitoboa, akavipangilia na kuvisugua kwenye mfereji wa kigae mpaka vikawa vya mviringo. Hii ilikuwa kazi ya nyumbani, ikifanywa nyumba baada ya nyumba, na vigae vya namna hiyo vimepatikana pia katika miji mingine ya pwani.

Kwenye bonde la Limpopo, katika makazi yanayoitwa K2 yaliyotangulia Mapungubwe, karibu na miaka 1000 hadi 1220, watu walizichukua shanga ndogo za kutoka ng'ambo, wakaziyeyusha pamoja kwenye kalibu za udongo na kupata shanga kubwa za buluu na kijani za umbo la pipa. Hawakuridhika na ukubwa walioletewa, wakautengeneza walioutaka. Na Ile-Ife, Nigeria, walikwenda mbali zaidi: mahali paitwapo Igbo Olokun palikuwa na kiwanda cha kioo chenyewe kati ya karne ya 11 na ya 15. Uchimbaji wa miaka ya karibuni umetoa zaidi ya shanga 12,000, pamoja na vipande vya vyungu vya kuyeyushia. Vipimo vya kikemia vinaonyesha kioo chenye chokaa nyingi na alumina nyingi, mchanganyiko ambao haulingani na wa India, Uarabuni wala Ulaya. Ni kioo cha Ife, kilichobuniwa Ife.

Wakrobo wa Ghana wanaendelea na kazi mpaka sasa. Wanaponda chupa zikawa unga, wanaujaza unga kwenye kalibu za udongo, na katikati ya kila shimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Moto unakiteketeza kijiti, tundu linabaki.

“Hizi ni shanga za watumwa”

Utazikuta katika maduka ya watalii na minada ya Ulaya na Marekani zikiuzwa kwa jina hilo, hasa zile zenye vijiua vingi vya rangi ambazo Waitaliano wanaziita millefiori. Muuzaji anashusha sauti, mnunuzi anaingiwa na huzuni, bei inapanda. Nalichukia jina hili kuliko madai yote ninayoyajibu hapa, maana linafanya mateso ya watu yawe chumvi ya biashara.

Sehemu kubwa ya millefiori zilizoingia Afrika Magharibi zilitengenezwa Venice kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na Brazil ilifunga bandari zake kwa watumwa mwaka 1850. Nyingi ya shanga hizo zilinunuliwa baada ya hapo, zikabadilishwa na mafuta ya mawese, pembe na mazao, na zilivaliwa na watu huru kwenye arusi na matambiko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walipoanza kuvaa shanga, wafanyabiashara wa Afrika Magharibi wakazikusanya vijijini na kuzisafirisha ng'ambo kwa wingi, na ndipo majina ya kuvutia yalipostawi. Shanga za buluu zilizochongwa pande nyingi, kwa mfano, wanaziita za Kirusi, na zilitoka Bohemia.

Upande wetu wa bara sitasema kwamba shanga hazina damu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na kabla ya hapo misafara iliyobeba samesame kwenda ndiyo iliyorudi na watu wamefungwa minyororo. Chakula walicholishwa njiani kilinunuliwa kwa kete na mafundo. Hilo ni kweli na lisemwe. Lakini kete ile ile ilimlipa mwanamke wa Ujiji aliyeuza unga wake sokoni kwa hiari yake. Ushanga wenyewe hauwezi kukwambia ulipita mikononi mwa nani, na anayekuuzia akidai anajua, mwulize amejuaje.

“Shanga za Wamaasai si za Wamaasai, zinatoka Ucheki”

Nusu ya dai ni kweli. Zile shanga ndogondogo za rangi kali zinazouzwa kwa mafungu Kariokor, Nairobi, na katika masoko ya Arusha, kwa muda mrefu zimetoka Jablonec, mji wa Bohemia ulioishi kwa kioo. Siku hizi nyingine zinatoka China. Ni kweli pia kwamba mapambo haya kwa wingi tunaouona si ya zamani sana. Thomson alipopita 1883 aliwakuta wanawake wa Kimaasai wamelemewa na waya wa chuma uliozungushwa mikononi na miguuni, na minyororo masikioni. Shanga ndogo zilifurika mwishoni mwa karne ile na baada ya reli kufika Ziwa Victoria mwaka 1901.

Nusu ya pili ni upuuzi. Khanga zimechapwa India, Uholanzi na Japani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba khanga ni vazi la Waholanzi. Anayejua kwamba nyekundu hukaa hapa, nyeupe iitenganishe na buluu, na kwamba mke wa mtu havai kama msichana, ni mama wa Kimaasai aliyefundishwa na mama yake. Jablonec ilimpa kioo, naye ndiye aliyeamua kioo hicho kiseme nini.

“Ushanga mkuukuu unajulikana kwa kuutazama”

Hapa nataka kukuokolea fedha. Uchakavu unatengenezwa. Purdalpur, India, na Jombang, kisiwani Java, wapo mafundi hodari wanaotoa nakala za shanga za kale, na si kosa lao; kosa ni la wale wanaozichovya kwenye tindikali, kuzizika, kuzipaka moshi na mafuta, kisha kuziuza kama urithi wa bibi.

Nunua lenzi ya kukuza mara 10 na uanzie tunduni. Ushanga uliovaliwa miaka mingi umelika pale unaposuguana na mwenzake: ncha zake zimekuwa bapa au zimebonyea, na mdomo wa tundu umelainishwa na uzi, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Tindikali haijui hayo. Inafifisha kila mahali sawasawa, hata ndani ya nyufa ambako hakuna kitu kinachosugua. Tazama viputo vya hewa: vikilala sambamba na tundu, mrija ulivutwa, vikizunguka, kioo kilizungushwa kwenye waya. Kwa zile ziitwazo rosetta, zenye nyota ya buluu, nyeupe na nyekundu, ambazo ubunifu wake kwa kawaida hupewa Maria Barovier wa Murano aliyetajwa kwenye hati ya 1487, hesabu tabaka. Za mwanzo zina saba. Zilizotengenezwa karne ya 19 na 20 mara nyingi zina nne au sita. Rangi nayo ni shahidi: kioo kilichopata wekundu wake kwa seleniamu hakiwezi kuwa cha kabla ya miaka ya 1890, hata kama kipo kwenye uzi mkongwe. Hilo la mwisho, hata hivyo, linahitaji maabara, na maabara haipo mfukoni mwa mtu. Bila maabara, nunua kile unachokipenda kwa bei ya kitu kipya, na usilipie hadithi.

Lipo ombi moja kubwa zaidi ya hayo. Mvua kubwa zikinyesha Unguja Ukuu, Kilwa Kisiwani au Gedi, ardhi inafumuka na shanga zinajitokeza, ndogo mno kiasi kwamba mtoto anaweza kujaza kiganja. Watu huziokota wakawauzia wageni. Karibu kila nililoliandika hapa kuhusu India, Tumbe na K2 limejulikana kwa sababu ushanga ulikutwa mahali pake, kwenye tabaka lake, pamoja na kigae au mkaa uliokuwa kando yake. Ukiutoa hapo ukautia mfukoni, haurudishiki. Unabaki kioo cha rangi kisicho na tarehe wala kwao. Sheria za mambo ya kale za Tanzania na Kenya zinakataza kuchimba na kutoa nje ya nchi vitu hivyo bila kibali. Ukiuona, uache ulipo na umwonyeshe mlinzi wa eneo au ofisa wa makumbusho. Ukiuziwa na mtu anayesema ameuchimba mwenyewe magofuni, usinunue.